Mizani ya korosho inapimwa na mtu wa tatu. Mashine ya kura itapimwa na nani?

Wana Kusini, habari za msimu. Naleta hoja iliyotugawa huku kwetu Tandahimba.

Kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho kijana mmoja alisimama akapendekeza uchaguzi ujao wa bodi tupige kura kwa kishikwambi, matokeo yatoke papo hapo, tusikeshe tena tukihesabu vikaratasi kwa taa ya pikipiki. Akapigiwa makofi. Mwingine akadakia kwamba hata uchaguzi mkuu wa nchi uende huko huko. Ndipo mzee mmoja akauliza: "Na huyo atakayeileta hiyo mashine, nani atampima?" Hakuna aliyemjibu. Nataka tumjibu hapa.

Mimi ni karani wa mizani. Kabla ya msimu kufunguliwa anakuja mtu wa Wakala wa Vipimo na mawe yake ya kilo 20. Hajali mizani tumeinunua wapi wala muuzaji aliisifu vipi. Anapanga mawe katikati, anasoma. Anayahamishia kona hii, anasoma. Kona ile, anasoma tena, maana kuna mizani inayosema kweli katikati na kudanganya pembeni. Ikifaulu inapigwa lakiri. Isipofaulu haigusi gunia la mtu. Wakulima wanakuwa wamesimama pale wanaona, na kuhesabu mawe hakuhitaji shule.

Sasa linganisheni na kangomba. Mnunuzi anakuja na kopo lake, analijaza mpaka linafanya kichuguu, anakwambia hiyo ni kilo. Kopo lake, kipimo chake, hesabu yake. Mashine ya kura iliyopimwa na kampuni iliyoiuza, kwangu mimi ni kangomba.

Wenzetu wameshapita njia hii. Marekani, baada ya fujo ya kadi za kura za kutoboa kule Florida mwaka 2000, walitunga sheria mwaka 2002 iliyounda tume ya kusaidia uchaguzi. Tume hiyo inatoa viwango, taasisi yao ya taifa ya viwango na teknolojia inasaidia kuviandaa, na maabara zilizopewa ithibati zinapima mashine kwa viwango hivyo. Februari 2021 walipitisha toleo la pili, lenye sharti ninalolipenda sana: mfumo uwe wa namna ambayo programu ikikosea, kosa hilo lisiweze kubadili matokeo bila kugundulika. Lakini huko nako kuna tundu. Viwango hivyo kitaifa ni vya hiari, jimbo likitaka linavifuata, na maabara inalipwa na mtengenezaji mwenyewe. Hili la malipo linanisumbua. Nikilipwa na mwenye magunia, kweli nitayakataa magunia yake?

Na kupima peke yake hakutoshi. Mwaka 2003 kule Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alikutwa na kura 4,096 za ziada. Zilionekana tu kwa sababu zilizidi idadi iliyowezekana. Wataalamu waliikagua programu wasione kosa, wakahisi kwamba tarakimu moja iligeuka yenyewe ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Zingekuwa kura 40 badala ya 4,096, nani angeshtuka? Namibia ilitumia mashine mwaka 2014, na Februari 2020 Mahakama yao ya Juu ikaamua kwamba mashine isiyotoa karatasi inakiuka katiba.

Msimamo wangu: kiwango kiandikwe wazi kabla ya kununua, mpimaji asichaguliwe na muuzaji, na karatasi ibaki. Nipingeni.

*Mchangiaji wa Nachingwea:* Karani, unatupeleka mbali mno. Kura zetu ni za karatasi na zinahesabiwa kituoni. Mashine yenyewe iko wapi? Shida yetu ni kuwaamini wanaosimamia. Ukimpa kiwango mtu usiyemwamini, umepata nini?

*Mchangiaji wa Mtwara Mjini:* Karatasi mnaisifia kwa mazoea. Masanduku hujazwa, fomu hubadilishwa usiku. Mashine nzuri ingetuepusha na hayo. Shirika la Viwango lipo, wapewe kazi, basi.

*Karani:* Ndugu wa Nachingwea, mashine imeshaingia. Tangu 2015 tunaandikishwa kwa alama za vidole na picha, daftari la wapiga kura limo ndani ya kompyuta. Umewahi kusoma popote ilipimwa na nani, ikafeli wapi? Tazama pia Kenya. Kura zao zilikuwa za karatasi vilevile, lakini tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na sehemu kubwa ya kesi ilikuwa safari ya matokeo kutoka kituoni hadi makao makuu. Mahakama iliamuru kompyuta za tume zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutimiza amri hiyo kikamilifu. Mwaka 2022 fomu za vituo ziliwekwa kwenye mtandao, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Kwa hiyo kiwango ninachokitaka kigusie na safari hiyo. Kuhusu imani nakubaliana nawe nusu. Mimi simwamini kila karani mwenzangu, lakini mizani yenye lakiri inanipa pa kuanzia ninapobishana naye.

Wa Mtwara Mjini, karatasi huibiwa, sikatai. Ila kuiba kwenye vituo elfu kunataka mikono mingi, na mikono mingi ina midomo mingi. Programu moja mbovu inaingia kwenye mashine zote siku moja, kimya. Shirika la Viwango nalikubali kwa masharti mawili. Ada mtengenezaji ailipe serikalini, halafu apangiwe mpimaji, asichague. Na ripoti itolewe yote, pamoja na yale yaliyofeli. Mizani yetu ikikataliwa, hadi mama ntilie wa nje ya ghala anajua kabla ya mchana.

Kwa uchaguzi wa bodi yetu nimeandika pendekezo: kishikwambi kitumike, lakini kila mpiga kura aone karatasi yake ikitumbukia sandukuni, na kabla ya kutangaza tuchague meza mbili kwa kura ya bahati, tuhesabu karatasi zake mbele ya wanachama. Zisipolingana na kishikwambi, tunahesabu zote. Hapo kwenye nani atukagulie hicho kishikwambi ndipo nimeacha nafasi tupu. Mwenye jina la taasisi ambayo haina cha kupata kwetu aliweke hapa. Mkutano ni baada ya mnada wa mwisho.