Mjadala: Je, ilikuwa sahihi kumrudisha Richard Hillary angani?

Naomba tuijadili kesi ya Richard Hillary, rubani wa ndege za kivita za Uingereza mzaliwa wa Sydney, ambaye adui alishindwa kumuua lakini akafa katika ajali ya mafunzo ya usiku tarehe 8 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 23. Wapo wanaoshikilia kwamba alikuwa mtu mzima aliyejichagulia mwenyewe, na kwamba kumzuia kungekuwa kumvunjia heshima. Mimi naona waliomruhusu kurudi angani walikosea, na sababu yangu kubwa haimhusu Hillary mwenyewe.

Tarehe 3 Septemba 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege yake ya kivita aina ya Spitfire ilishambuliwa ikashika moto, naye akaangukia baharini, akaokolewa na mashua ya uokoaji ya mji wa Margate, Uingereza, akiwa ameungua vibaya uso na mikono. Daktari Archibald McIndoe, hospitalini katika mji wa East Grinstead, Uingereza, alimtengenezea hata kope mpya, lakini mikono haikurudia hali yake ya awali. Alipofika kituo cha Charterhall, Scotland, kujifunza urubani wa usiku, wenzake waliona mezani jinsi kisu na uma vilivyomtaabisha. Mtu huyo ndiye aliyekabidhiwa Blenheim, ndege ya injini mbili ambayo kidhibiti cha mapangaboi yake kiliwekwa nyuma ya rubani, mahali asipoweza kukiona, kwa hiyo ilimlazimu kukitafuta kwa kupapasa. Hapo ujasiri unasaidia nini?

Najua nitatajiwa Douglas Bader, aliyekatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya mwaka 1931 na bado akarudi kuwa miongoni mwa marubani mashuhuri wa vita ile, au Geoffrey Page, aliyeungua kama Hillary, akatibiwa na McIndoe huyo huyo, kisha akarejea vitani. Mifano hiyo ni ya kweli na inatosha kuonyesha kuwa ulemavu peke yake si hoja. Nakubali pia kwamba Charterhall kilikuwa na sifa mbaya ya ajali na kiliua marubani wazima wa viungo, hivyo hakuna awezaye kuapa kwamba ni mikono iliyomponza. Hata hivyo, kazi ya madaktari waliomruhusu haikuwa kubashiri ajali, bali kupima kama mikono ile ingeimudu ndege ile.

Isitoshe, Bader na Page walirudi kwenye ndege za kiti kimoja. Ndani ya Blenheim alikuwamo pia sajenti Wilfred Fison, mwongoza njia na mwendesha redio, aliyekufa papo hapo pamoja na rubani wake, na ambaye hatajwi sana. Hillary alikuwa ametoa kitabu mwaka 1942 kikampa jina kubwa, na nashuku kwamba jina hilo liliwafanya wakubwa waone haya kumkatalia. Basi anayetetea haki ya Hillary ya kuhatarisha maisha yake anieleze: Fison aliulizwa na nani?