Mazoezi ya mtoto aliyeungua: tuendelee naye au tusubiri moyo wake utulie?

Mama wa binti
Habari zenu ndugu. Binti yangu wa miaka minane aliungua kwa maji ya moto kuanzia kwapani hadi kiwikoni, akapandikiziwa ngozi, na sasa vidonda vimefunga. Tumeagizwa kumnyoosha mkono kila siku, lakini saa ya mazoezi ikikaribia hulia na kujificha, na usiku huweweseka. Baba yake anaona tumwache kwanza moyo utulie, nami nahofia mkono utakakamaa. Naombeni ushauri.

Mtaalamu wa fiziotherapia
Pole sana, mama. Hofu yako ina msingi, kwa sababu kovu la moto huendelea kujivuta kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mmoja hadi miwili, na kwapa lisiponyooshwa katika kipindi hicho huweza kufungika kiasi cha kuhitaji upasuaji. Kwa hiyo msisubiri. Mpeni dawa ya maumivu kama alivyoelekeza daktari ili iwe imeanza kufanya kazi kabla ya mazoezi, lainisheni kovu kwa mafuta mliyopewa, kisha mnyoosheni taratibu mpaka kovu lianze kupauka, mshikilie hapo bila kuzidisha. Mkumbuke pia kwamba ngozi iliyopandikizwa haitoi jasho ipasavyo, hivyo akicheza kwenye joto apumzike na kunywa maji mara kwa mara.

Kwa walioungua sehemu kubwa zaidi, kunyoosha pekee hakutoshi, kwani misuli huendelea kupungua muda mrefu baada ya vidonda kupona. Katika hospitali ya watoto ya Shriners huko Galveston, Marekani, watoto walioungua asilimia 40 ya mwili au zaidi walifanya mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha moyo na pumzi kwa wiki 12 chini ya usimamizi, wakaimarika misuli kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Baba wa mtoto aliyepona
Kilichotusaidia ni kumrudishia mtoto mamlaka juu ya mwili wake, maana tangu aungue alikuwa akishikwa na kufungwa bendeji bila kuulizwa. Alichagua zoezi la kuanza nalo, akahesabu mwenyewe, na aliposema "simama" tulisimama papo hapo. Badala ya kumwamuru ainue mkono, tulibandika karatasi ukutani achore, na kila baada ya siku chache tukaipandisha kidogo.

Mshauri nasaha wa watoto
Naunga mkono, kwa kuwa mtoto anayeona mkono wake unafika mahali ambapo jana haukufika hupata ujasiri ambao maneno ya kumfariji hayampi. Ndoto za kutisha ni za kawaida mwanzoni, ila zikizidi mwezi mmoja, au akikataa shule na wenzake, mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili. Nanyi wazazi msikilizwe, kwani mtoto husoma hofu usoni mwa anayemshika.

Mama wa binti
Nawashukuru sana. Je, akisema "simama" kabla hatujaanza?

Baba wa mtoto aliyepona
Wetu alifanya hivyo siku za mwanzo. Tulimuuliza aanze na mkono mzima au wenye kovu, na hata alipochagua mzima tulikubali, kisha tukamwomba mwingine ufuate mara moja tu. Zoezi lenyewe hatukuliondoa katika ratiba.