Wakuu riwaya yangu imetoka, niiuze PDF au nikomae na kitabu?

Dagaa_na_Kalamu:
Habari za humu wakuu. Nipo Kigoma mjini, shughuli yangu ni dagaa wakavu pale Kibirizi. Sasa mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 hadi Agosti 15, nikawa sina cha kuuza, nimekaa tu nyumbani Mwanga naangaliana na mizani, nikasema ngoja niandike hili jambo linalonisumbua kichwani miaka yote. Ndo limezaa kitabu. Kopi 200 zimeshuka jana na basi kutoka Dar, boksi moja limelowa kona ila vitabu vizima.

Ni riwaya ya kusisimua, ya kufikirika, mizimu ipo, upelelezi upo. Kisa ni Liemba, meli yetu ya hapa ziwani. Mnajua Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 huko karibu na mdomo wa Malagarasi, enzi hizo ikiitwa Graf von Götzen, na kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nzito, yaani walikuwa na nia ya kuirudia. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mimi nikajiuliza, miaka yote ile chini ya maji ilikuwa tupu kweli? Basi kuna binti mkata tiketi anakuja kugundua kila safari wanaoshuka wanazidi waliopanda. Kwa mtu mmoja.

Inavyoanza: "Mwezi ulikuwa mpevu, ziwa linang'aa kama bati jipya, na taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mpaka upande wa Kongo. Alizihesabu. Moja haikuwa na mtumbwi chini yake."

Kitabu ni 12,000. Watu wananiambia toa PDF ya 3,000 utapiga hela WhatsApp. Mnasemaje?

BintiUjiji:
Hongera kaka angu! PDF ukimtumia mmoja umewatumia wote, msema kweli mpenzi wa Mungu, mimi mwenyewe nina riwaya tatu kwenye simu hata aliyenitumia sijui alizitoa wapi. Fanya hivi, fungua grupu, sura tatu bure, ukifika pale watu mate yanawatoka unakata, anayetaka kuendelea alipie kitabu. Halafu nimemsomea bibi hicho kipande cha taa, kanyamaza weee, mwishowe kaniambia kitabu hicho kikija kisilale chumbani kwake 😂 niwekee kopi moja.

Mvuvi_Katonga:
Mkuu hongera ila umenikwaza mstari wa kwanza tu. Mwezi mpevu nani anatoka kuvua dagaa? Sisi tunasubiri giza, dagaa wanaifuata taa kwa sababu ndo mwanga pekee walionao, mwezi ukiwaka ziwa zima limeshakuwa taa, wanatawanyika, utachoma mafuta urudi na ndoo nusu. Siku hizo watu tupo mwaloni tunashona nyavu. Na wewe unauza dagaa mwaka wa ngapi huo, hujawahi kujiuliza kwa nini kuna wiki mzigo unakata na bei inapaa?

Dagaa_na_Kalamu:
Duh. Mkuu umeniua. Hiyo wiki ya bei kupaa naijua kuliko jina langu, ni pale kwenye kuandika nilitaka ziwa ling'ae, nikasahau kabisa. Na kopi 200 ndo hizo zimeshachapwa.

mgebukafresh:
Nyie hamjaona kitu. Mwezi mpevu, wavuvi wote wa kweli wapo nchi kavu wanashona nyavu. Sasa hizo taa zote mpaka Kongo ni za nani??? Kaka usifute kitu, mwili umenisisimka hapa nilipo na ni saa saba mchana. Ongeza tu sehemu huko mbele mvuvi mmoja mzee amuulize binti, ulizihesabu usiku gani?

Mvuvi_Katonga:
Eeeh hapo sawa. Hapo hata mimi nanunua.

Dagaa_na_Kalamu:
Wakuu mnajua nimesoma hiyo nikasimama nikaenda kufunga mlango. Naiandika leo leo, sura nzima, kopi hizi 200 nitaichomeka kwenye karatasi yake ya pembeni, bure. PDF basi, nafuata ushauri wa dada wa Ujiji. Mvuvi kesho nakuletea yako mwaloni, hela usitoe, ila uipitie yote kwanza, sura ya tisa kuna dhoruba na sasa hivi naiogopa.

Mvuvi_Katonga:
Dhoruba ya mwezi gani?