Hilux nyeusi imejaa utando wa buibui juani, fundi anataka kuipiga msasa. Nimkubalie?

Mbaazi Moja (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naishi Mtwara mjini, Shangani, ila shughuli zangu ziko Newala na Tandahimba, kwa hiyo gari inalala kwa watu kuliko kwangu.

Ni Hilux dabo kebini, nyeusi, kibati cha rangi kinasoma 218. Niliinunua mkononi mwaka juzi ikiwa inang'aa vizuri. Hata sasa usiku haina neno, na asubuhi kabla umande haujakauka utaipenda. Ngoja sasa ifike saa nne jua lipande. Boneti yote inakuwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa stiliwaya: vimikwaruzo vyembamba vimelizunguka jua kama utando wa buibui, ukisogea na utando unasogea na wewe. Milango vilevile. Bodi ya nyuma ndiyo usiseme.

Nimeipeleka kwa fundi rangi mmoja. Kaipapasa kidogo, kasema dawa yake ni msasa wa maji namba 1000 gari nzima, kisha rabingi (kusugua kwa dawa mpaka ing'ae), laki tatu na nusu. Nikamuuliza, rangi haitaisha? Akacheka. Hicho kicheko ndicho kimenileta hapa.

Mwezi wa nane mdogo wangu anaolewa Lindi na gari ya bibi harusi ni hii. Nimkubalie fundi, ninunue mashine nifanye mwenyewe, au niache ilivyo? Mashine ya polishi sijawahi kuishika. Natanguliza shukrani.

Kusi Kali

Picha mkuu. Za juani, siyo za kivulini.

Mbaazi Moja

Nimeziweka tatu. Hiyo ya mwisho ni boneti, kile cheupe katikati ni jua.

Fundi wa Chuno

Gari usimpe. Simsemi vibaya mwenzangu, msasa una kazi yake: rangi mpya iliyokauka na vipele kama ganda la chungwa, au vumbi lililogandia ndani ya klia, ule utandu angavu unaopakwa juu ya rangi. Kwa utando wa buibui, hapana.

Jua kwanza unachokiona. Ule weusi wenyewe haujaguswa. Juu yake kuna klia, na klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 35 hadi 50. Unywele wa kichwani unakaribia 70. Yaani akiba yako yote ni nyembamba kuliko unywele, na mikwaruzo imo humo humo ndani ya akiba. Polishi haiijazi. Inaikwangua klia ya pembeni mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo, ndiyo maana jua halipati tena pa kukwama. Polishi laini inakula mikroni moja, mbili. Msasa 1000 unakuachia mikwaruzo ya kina kuliko hiyo uliyonayo, halafu inabidi ukate tena kwa kompaundi, yaani polishi kali ya kukwangua, kuifuta. Umelipa mara mbili, na malipo yenyewe ni klia.

Kwenye kingo za boneti na ile mikunjo ya milango klia ni nyembamba zaidi. Hapo ikitoboka hakuna polishi tena, ni kupaka upya. Na klia ndiyo inayoikinga rangi na jua. Ukiipunguza sana, kwa jua letu hili itaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Fanya jaribio la bure: pitisha ukucha kwa kukatisha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, polishi inatosha. Ukikwama, huo uache, utapungua makali tu.

Dereva wa Nangurukuru

Mnakuza mambo. Kitambaa, dizeli kidogo, futa gari nzima, inawaka kama imetoka melini. Mimi mwaka wa kumi nafanya hivyo.

Kusi Kali

Dizeli mlangoni, bibi harusi gauni jeupe. Endelea mkuu, tunakusikiliza.

Fundi wa Chuno

😂 Inawaka kweli, sibishi. Mafuta yanakaa ndani ya mikwaruzo yanaificha. Ila yananata, vumbi lote la barabara linajibandika hapo, na kesho ukilifuta unaongeza mikwaruzo mingine. Raba za milango nazo zikizoea dizeli zinavimba na kulegea. Ndugu yangu, hiyo miaka kumi gari ni rangi gani?

Dereva wa Nangurukuru

Fedha.

Fundi wa Chuno

Haya.

Mama wa Nanyamba

Mdogo wangu, mbona hakuna aliyeuliza nani anaiosha hiyo gari, na anaiosha na nini?

Mbaazi Moja

Shikamoo mama. Mjini naosha kwa vijana wa barabarani, wana sponji na sabuni ya unga. Newala kuna kijana pale ninapofikia. Maji kule ni ya kununua, kwa hiyo ndoo moja gari nzima, tambara moja. Siku nikiwa na haraka ananifutia vumbi hivyo hivyo kavu, kwa fulana.

Mama wa Nanyamba

Marahaba. Basi mwizi umeshamtaja mwenyewe.

Msimu ndio huu. Mashine za kupulizia mikorosho dawa ya unga ya salfa zinaanza alfajiri upepo umelala, na gari iliyolala uani inaamka ya manjano. Salfa inanata kwenye umande pamoja na lile vumbi jekundu. Salfa peke yake ni laini kama unga wa muhogo, lakini mchanga uliojichanganya nayo una meno. Kijana anakuja na fulana yake, anazungusha mkono, anazungusha, anakunja upande wa pili anaendelea. Hiyo mikwaruzo unayoiona juani ni mkono wake. Salfa haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo inatakiwa isukumwe ishuke na maji mengi kabla hujaigusa. Ndoo moja haiwezi. Sponji ikishadumbukizwa mara tatu, ndoo inakuwa ya mchanga.

Yangu ni nyeupe, nayo inafutwa na mafulana hayo hayo. Mikwaruzo ipo, ila nyeupe inasitiri.

Ukipiga polishi leo na kijana yule akabaki na fulana ile, mwezi wa nane utarudi hapa na picha hizi hizi.

Mitwero Kwetu

Mimi niko Lindi, nakuja kutoa ushuhuda tu. Yangu ilikuwa nyeusi pia. Fundi alikuwa na mashine ya polishi, ila siku ile alisema imeungua, akachukua grainda ya kukatia vyuma akafunga pedi ya manyoya. Uzi wa kufungia ni uleule, inakaa vizuri kabisa, ndiyo balaa lenyewe. Grainda ndogo inazunguka mara kama 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya kuzunguka inafanya 600 hadi 3,000, na wajuzi wanakaa karibu na 1,500.

Alipofika kwenye kona ya fenda nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Pedi ilirudi ina weusi. Pale kwenye kona pamebaki kijivu, ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Akaniambia "hapo nitapagusa kidogo na rangi". Kupagusa kwenyewe kukawa fenda nzima, na hiyo fenda mpaka leo haifanani na mlango wake.

Kwa hiyo mleta uzi, ukienda kwa fundi yeyote, mwambie akuonyeshe mashine kwanza.

Mbaazi Moja

Duh. Pole sana kaka. Nimeshaamua nifanye mwenyewe, polepole. Fundi wa Chuno nielekeze kama unamwelekeza mtoto. Pa kufanyia napo panisaidieni: huku Shangani kusi inapeperusha mchanga mchana kutwa. Nimefikiria ghala la chama cha msingi, msimu wa kuuza korosho bado, si litakuwa tupu?

Mama wa Nanyamba

Tupu mwezi wa sita? Kachungulie. Limejaa mifuko ya salfa mpaka darini.

Fundi wa Chuno

Tafuta banda lolote lenye ukuta upande wa bahari, mwagia sakafu maji vumbi litulie.

Mashine nunua ile ambayo pedi inazunguka huku inayumba, wauzaji wanaiita DA. Kariakoo zipo, muuzaji anakupandishia kwenye basi. Hiyo ukiielemea inasimama, haiunguzi haraka kama rotari, ile ya kuzunguka tu, kwa hiyo kwa mgeni ina huruma. Chukua pedi za sponji zisizopungua nne, za kati na laini. Gari kubwa kama hiyo pedi moja haiwezi, inajaa unga wa klia na polishi, inageuka kuwa msasa mwingine. Taulo za maikrofaiba chukua dazeni. Ikidondoka chini hata mara moja, hiyo imehamia kwenye rimu.

Osha kwanza. Halafu pitisha kiganja kwenye boneti, mkono ukiwa ndani ya mfuko laini wa nailoni. Utasikia vipele ambavyo ngozi peke yake haivisikii: chembe za chuma za breki, utomvu, madoa ya mabibo kama ulipaki chini ya mkorosho. Hivyo vitolewe kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya sabuni ili uteleze. Usiporuka hatua hii hutajutia, maana ukiruka, mashine itavizungusha vipele hivyo juu ya klia yako.

Bandika tepu ya rangi kwenye plastiki zote nyeusi, raba, na kingo kali. Polishi ikikaukia kwenye plastiki inaacha weupe ambao hutautoa mpaka siku ya harusi.

Sasa usianze gari nzima. Pima mraba wa sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, chuma kiwe cha baridi. Pedi laini, polishi laini, matone manne ya ukubwa wa jina lako. Paka kwanza bila kuwasha, kisha spidi ya nne au ya tano, mkono wako utambae, usikimbie. Nenda kushoto kulia, halafu juu chini, mara nne au tano. Futa. Chukua spiriti uliyochanganya na maji nusu kwa nusu, pangusa tena, ndipo uwashe tochi ya simu. Bila spiriti mafuta ya polishi yanakudanganya, kama dizeli ya ndugu yetu. Utando ukiwa umeondoka, umepata dawa yako, rudia hivyo hivyo gari nzima. Ukiwa bado, panda ngazi moja tu: pedi ya kati, polishi ileile. Kompaundi iwe ya mwisho kabisa.

Pedi ikianza kutoka na weusi, simama. Kwa rangi yenye klia weusi haupaswi kutoka. Ukitoka maana yake klia imeisha, au paneli hiyo ilipakwa huko nyuma rangi isiyo na klia. Gari ya mkononi hujui historia yake.

Na kubali kuacha asilimia fulani. Hiyo ni gari ya kazi, huko Newala matawi yanakusubiri.

Kusi Kali

Nta au seramiki, ule utando mgumu wa kukinga rangi, baada ya hapo?

Fundi wa Chuno

Nta. Seramiki ni nzuri, ila ukiifungia mikwaruzo ndani, umeifungia. Ajifunze kuosha kwanza.

Mbaazi Moja

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nilipata banda la shemeji Mikindani.

Ule mraba wa kwanza nilikaa nao karibu saa nzima, nusu ya muda ni woga. Pedi laini ilipunguza kama nusu tu. Nikapanda pedi ya kati. Nilipotoa tepu na kumulika tochi, upande mmoja wa tepu utando uleule, upande wa pili mwanga umesimama kama nukta moja, peke yake, hauna nywele. Nilimwita shemeji aje aone. Aliangalia, akaniuliza kwani nilimwaga maji hapo?

Boneti, fenda na milango minne zimenichukua siku tatu. Paa sikuligusa, hakuna mtu mrefu kiasi hicho kwenye ukoo wetu. Bodi ya nyuma nimeiacha, ukucha ulikwama karibu kila mahali, miaka ya kusuguana na magunia. Mlango wa nyuma kushoto, pedi ilitoka na weusi, moyo ukapasuka. Nikasimama kama ulivyosema. Nadhani huo ulishapakwa kabla yangu.

Yule kijana wa Newala nimempelekea ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na glavu ya maikrofaiba. Maji nachota kwenye kisima cha mvua cha mwenye nyumba, nimekubaliana naye bei. Fulana nimeichukua nikaondoka nayo. Kaniangalia kama nimemwibia.

Mama wa Nanyamba

Hayo ya mvua ndiyo mazuri, hayana chumvi, hayaachi madoa meupe kama ya visima vya huku pwani. Siku ya safari weka madumu mawili nyuma. Ukifika Mingoyo na vumbi, usiguse gari kwa kitambaa, imwagie tu, ingia nayo Lindi ikiwa inachuruzika.

Mbaazi Moja

Sawa mama. Na huo mlango wa nyuma kushoto, ule uliotoa weusi?

Fundi wa Chuno

Paka nta kwa mkono, basi. Bibi harusi apandie kulia.