Tupeane uzoefu: ndege wa mwambao waliorudi mapema, waliobaki na waliopotea njia

Mwana wa Gede
Ndugu zangu, leo alfajiri, maji yakiwa yanakupwa, nilipita kwenye daraja la mbao linalokatiza mikoko ya hori ya Mida, nikawasikia vitwitwi kabla sijawaona. Walikuwa wapatao 40, na tumo katika wiki ya pili ya Agosti. Wengi walikuwa bado na rangi ya tofali vifuani, ile rangi tunayowaaga nayo mwezi wa Aprili na ambayo baada ya majuma machache hufifia ikawa kijivu. Hawa ni wale wenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, wanaotaga mayai Siberia, upande wa rasi ya Taimyr, na madume yao huondoka huko mapema na kuwaachia majike kazi yote ya kulea. Nilikaa kitako juu ya zile mbao nikiwatazama wakidonoa tope kama cherehani, nikawaza kwamba kile wanachokiita kiangazi huko kwao, kwetu ni msimu wa kusi, nasi tunawakosa kwa miezi mitatu hivi tu. Naomba kila mwenye kisa cha ndege wa pwani aliyemwona mahali au wakati asioutarajia atuwekee hapa.

Binti Kilifi
Nilidhani ni mimi peke yangu niliyewaona. Juzi walikuwa mdomo wa mto Sabaki pia.

Mzee wa Fungu
Mwanangu wa Gede, umeandika vizuri, lakini hilo la kuwakosa si kweli. Nimevua miaka 35 kati ya Mafia na delta ya Rufiji, wala sijapata kuona fungu la mchanga likiwa tupu mwezi wa Juni. Wanaobaki ni watoto wa mwaka uliopita, wenye rangi ya kijivu tupu, ambao hawajafikia umri wa kuzaa na kwa hiyo hawana sababu ya kwenda kujichosha Siberia. Masululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, ndio wengi zaidi. Utawasikia wakipiga mluzi wao wa haraka haraka, mara saba hivi, hata usiku wa manane, na wengine wetu tuliufuata mluzi huo kurudi ufukweni pale taa ilipozimika.

Mwana wa Gede
Nimekubali, mzee wangu. Ningesema tunawakosa wakubwa.

Mhesabuji
Hiyo rangi ya tofali imenirudisha kwenye usiku mmoja wa Aprili ambao sijawahi kuusimulia kwa urefu. Nilikuwa nimejiunga na kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kikitega nyavu nyembamba ukingoni mwa mikoko ili kuwavisha ndege pete zenye namba miguuni, kuwapima na kuwaachia. Asiyejua kazi hiyo aelewe kwamba nyavu hizo zinataka giza, kwa sababu penye mwezi ndege huziona, na usiku usio na mwezi kwetu ndio usiku wa bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Kwa hiyo kinachokupa ndege ndicho hicho hicho kinachoweza kuwaua.

Tulisimamisha miti ya nyavu saa tano usiku, maji yakiwa mbali, na kiongozi wetu akapima kwa mkono akasema kwamba yatakapojaa saa kumi alfajiri, mfuko wa chini wa wavu utakuwa juu ya maji kwa shibiri mbili. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa wavu mtupu. Saa tisa hivi ndege walisukumwa na maji kutoka matopeni wakaja kwa kishindo, wakajaa wavuni kwa makumi, na wavu wenye ndege hulegea na kushuka. Nilipofika pale maji yalikuwa yamenifika mapajani na mfuko wa chini ulikuwa ukigusa povu. Sikuwa na la kufanya ila kupitisha mikono yangu yote miwili chini ya wavu nikaunyanyua, kama mtu anayekinga mahindi kwa leso, nikasimama hivyo karibu saa nzima huku wenzangu wakinasua mmoja mmoja kwa mwanga wa taa za kichwani. Niliwahisi wakinipapatika kwenye viwiko. Walikuwa wamenenepa kwa safari, ngozi ya kifuani ikionyesha mafuta ya manjano ukiwapuliza manyoya.

Wawili walikufa. Mmoja nilimwinamisha kiganjani, maji yakamtoka mdomoni, lakini kichwa hakikuinuka tena. Wa tatu, aliyekuwa kando yake kabisa na ambaye alipona, alikuwa na pete ya zamani, na tulipoisoma namba yake tukaona alivishwa hapo hapo, hori ile ile, miaka minne kabla. Maana yake alikuwa amekwenda Siberia na kurudi mara nne, akirejea kwenye tope lile lile, na usiku ule nusura afie mikononi mwetu. Tulimwachia saa kumi na moja. Tangu siku hiyo sijashika wavu; mimi ni wa darubini na daftari tu.

Binti Kilifi
Pole sana, dada. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Fungu
Pole nakupa, lakini niruhusu kuuliza jambo linalonikereketa. Kijana wa kwetu akitega tanzi la uzi wa mshipi akapata vitwitwi viwili vya kitoweo, anaitwa jangili na anafikishwa kwa mtendaji. Ninyi mkitega nyavu za mita kadhaa, wakafa wawili, inaitwa elimu. Tofauti ni nini?

Mhesabuji
Tofauti ni kwamba sisi tuliwaachia waliobaki, mzee, na kwamba bila zile pete mimi na wewe tusingejua kuwa ndege huyu anarudi kwenye tope lile lile. Ukijua hivyo, unajua pia kwamba hori moja ikifukiwa, hawana desturi ya kwenda kutafuta nyingine. Hata hivyo swali lako nimeliuliza mwenyewe kila mwaka, wala sitajifanya nina jibu linalotosha.

Mzee wa Fungu
Jibu la mtu mzima. Naliacha hapo.

Kijana wa Malindi
Mimi kisa changu ni cha furaha. Julai iliyopita nilikwenda mdomo wa mto Sabaki, msimu ambao watu husema hakuna cha kuona, nikakuta maelfu ya wale ndege wadogo wa kahawia wenye mbawa kama za mbayuwayu, wanaozaliana Madagaska, au Bukini kama walivyoiita wazee wetu, na kuja kwetu kuanzia Aprili hadi Septemba. Wa kaskazini wakiondoka, wa kusini wanaingia. Ufuko haukodishwi kwa mgeni mmoja tu. Na kando ya dimbwi moja nilimwona kulastara wa Bukini, ndege wa jamii ya yangeyange, ambaye amebaki wachache sana duniani.

Darubini Kuukuu
Nina shaka na huyo kulastara. Akiwa nje ya msimu wa kuzaa, tofauti yake na kulastara wetu wa kawaida ni ndogo mno, na wote wawili wakiruka mbawa ni nyeupe. Ulitazama nini hasa?

Kijana wa Malindi
Michirizi ya shingoni ilikuwa mipana na ya kahawia iliyokolea, mdomo mnene, mgongo wenye giza. Nilikuwa umbali wa kama hatua 20.

Darubini Kuukuu
Hapo umejibu kama anayejua, na mwezi wenyewe unakubali, kwa kuwa huja bara kuanzia Mei hadi Oktoba hivi. Ila bila picha mimi ningeandika "huenda".

Kijana wa Malindi
Basi wewe andika "huenda", mimi niliyekuwepo naandika "ndiye".

Mswahili wa Muscat
Salamu kutoka Oman. Mmewasahau ndege wanaokula kaa, wale weusi kwa weupe wenye mdomo mnene mweusi unaoweza kupasua gamba, ambao mnawaona makundi kwa makundi Mida na Unguja. Hawa hawana haja ya Siberia. Huzaliana huku kwetu katika visiwa vya Uarabuni, Ghuba na Bahari ya Shamu, katikati ya joto ambalo binadamu halivumilii, na badala ya kujenga kiota juu ya ardhi huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu jeupe ndani yake. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilikuwa matembezini Unguja nikamwona mtoto mwenye rangi ya kijivu akimfuata mzazi wake na kulialia apewe kaa, ingawa alikwisha kuruka bahari yote ile kwa mbawa zake mwenyewe. Nilicheka, kwa sababu mimi nilizaliwa Unguja nikalelewa huku, na yeye anazaliwa huku analelewa huko.

Mpemba wa Ng'ambo
Habari ya pete imenigutusha. Miaka ya sabini, nikiwa mtoto Pemba, kaka yangu alinasa kwa tanzi ndege mwenye miguu ya manjano na mdomo uliobenuka kuelekea juu. Tulipomleta nyumbani mama akaona kitu kinang'aa mguuni, akarudi nyuma, akasema ndege huyo ana mwenyewe, amefungwa hirizi, na kwamba hataingia katika chungu chake. Kaka alimvua ile pete akamwachia ndege, kwa hofu zaidi kuliko huruma. Kesho yake tukampelekea mwalimu wa jiografia, naye akaisoma kwa miwani: MOSKWA, na chini yake tarakimu. Kaka aliapa mtaa mzima kwamba tumemkamata jasusi, na kwa muda wa wiki moja alikuwa mtu mashuhuri kuliko sheha.

Binti Kilifi
Pete iko wapi?

Darubini Kuukuu
Naam, iko wapi? Namba zile zina kumbukumbu. Ikisomeka, inaweza kujulikana alivishwa wapi na mwaka gani, hata baada ya nusu karne.

Mwana wa Gede
Mada yangu imetekwa, lakini nami nauliza hilo hilo.

Mzee wa Fungu
Ndege aliyevuliwa pete na kuachiwa hai, na aliyemvua ni mtega tanzi. Naomba Mhesabuji alione hilo.

Mhesabuji
Nimeliona, mzee, na nimecheka peke yangu.

Mpemba wa Ng'ambo
Dada yetu mdogo aliitunga katika kidani chake cha shanga, akaolewa nayo Tanga. Nitampigia simu leo.

Fundi Darubini
Wakati tunasubiri, kwa wanaotaka kuanza: tazameni maji yakijaa, msitazame yakikupwa, kwa maana yakijaa huwaleta ndege miguuni penu, na yakikupwa mtawafuata hadi mchoke. Topeni ingieni na viatu vya mpira.

Binti Kilifi
Viatu vya mpira vitabaki topeni, wewe utatoka peke yako. Ingieni peku.

Mzee wa Fungu
Peku utakatwa na chaza. Msiingie kabisa, kaeni kwenye dau, ndege hawaliogopi dau kama wanavyomwogopa mtu anayetembea.

Kijana wa Malindi
Na ukikutana na kulastara, chukua picha, usije ukaandikiwa "huenda".

Mpemba wa Ng'ambo
Nimezungumza na dada. Kidani bado anacho, katika kisanduku cha udi. Ameitafuta pete kwa mwanga wa simu, naye anasema imechakaa kwa chumvi na jasho: neno zima limefutika isipokuwa herufi mbili za mwisho, na tarakimu anazoziona ni tatu, labda nne, kwa kuwa hajui kama ile ya mwisho ni 3 au 8. Nilimwomba aitume kwa basi, amekataa. Amesema nikiitaka niende mwenyewe, kwani miaka sita nimekuwa nikiahidi kwenda kumjulia hali.

Darubini Kuukuu
Nenda. Na uchukue kioo cha kukuzia maandishi.