Naomba ushauri: kutia nanga kwenye kayaki, mto Hudson

Habari za leo, ndugu zangu. Kwetu ni Pangani, sasa naishi Kingston, jimbo la New York. Hudson huku unajaa na kupwa kama mkono wa bahari, mpaka bwawa la Troy, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Majira ya kuchipua straipa, wale samaki wa milia, hupanda mto kutaga mayai, nami nawafuata kwa kayaki, kimtumbwi chembamba cha kasia.

Jumamosi nilitia nanga ubavuni mwa kayaki. Maji yalikuwa yakipwa kwa nguvu, upepo wa kusini ukiyapinga, mawimbi mafupi yakasimama. Kayaki ikalala, maji yakaingia. Nikakata kamba kwa kisu, nanga ikapotelea chini. Nilivaa jaketi okozi, lakini maji yale yana baridi ya kuua, na tangu siku hiyo mke wangu hataki kusikia habari ya mto.

Naomba mnifundishe. Nanga ifungwe omo (mbele) au tezi (nyuma)? Mnatumia fundo gani la kufunguka mara moja? Au niache nanga kabisa, nikokote chambo nikielea na mkondo?

Pia kuna samaki waitwao pechi weupe: nawapata kwa minyoo kwenye mlango wa kijito cha Rondout, ila wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wanapotea. Niwafuate ndani ya kijito, au nisubiri maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo?

Nategemea kutoka tena wiki ijayo, nikipata majibu yenu kwanza.