Mrejesho: Raspberry Pi 3 yangu ya magemu haikwami tena

Wakuu narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini Raspberry Pi 3 yangu (kale ka kompyuta kadogo ka bodi moja) yenye RetroPie, programu ya kuchezea magemu ya zamani, inakwamakwama kwenye gemu za PlayStation 1, sauti inakatika na kuna alama ya radi ya njano inatokea juu kulia kwenye skrini. Mliosema ni umeme mlipatia kabisa. Nilikuwa natumia chaja ya simu na waya mrefu mwembamba, kumbe ile radi maana yake umeme umeshuka chini ya volti 4.63 na prosesa inajipunguzia spidi yenyewe. Nikaandika vcgencmd get_throttled, amri ya kuangalia kama umeme unashuka, ikaleta 0x50005, yaani umeme uko chini na spidi imepunguzwa, nikanunua chaja ya volti 5.1 ampea 2.5 yenye waya mfupi mnene, nikawasha upya nikarudia ikaleta 0x0, yaani hakuna tatizo, aisee nilifurahi sana! Ikabaki pedi kuchelewa, yaani unabonyeza kuruka jamaa anaruka baadae, hiyo niliwasha tu gemu modi ya TV (inayopunguza ucheleweshaji wa picha) ikaisha. Jana mimi na mdogo wangu tumecheza masaa matatu bila kukwama. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nipime umeme kwanza, maana nilishataka kuformati (kufuta yote) memori kadi yake na sevu zote za magemu zingepotea.